Chumba Kilichosubiri Krismasi

Watu wakiniuliza kwa nini siku hizi siendi kwenye uzinduzi wa kitu chochote, huwa nasingizia mgongo. Nasema viti vya plastiki vinaniumiza. Ni uongo mtupu. Siendi kwa sababu nikiona utepe mwekundu umefungwa mlangoni, na pembeni kasimama binti na mkasi juu ya sahani, kichwa kinaniwaka moto, na mwanamke wa umri wangu si vizuri kutukana mbele ya wageni.

Nimefanya kazi maktaba miaka kumi na tisa. Ni maktaba ndogo ya umma, katika mji mdogo nusu saa kutoka Moshi, ule upande ambao asubuhi za Julai mawingu yanashuka mpaka kwenye mabati na watu wanaingia kazini wakipuliza viganja. Mimi ni msaidizi wa maktaba. Maana yake ni kwamba mimi ndiye ninayefungua mlango asubuhi, ninayepokea mabegi pale mlangoni, ninayepanga magazeti, ninayewanyamazisha wanaonong'ona, na ninayejua nani amekuja kusoma na nani amekuja kuchaji simu. Mkuu wangu wa kazi ana ofisi yenye pazia. Mimi nina kaunta.

Asubuhi ni ya wazee. Wanakuja na kofia zao na miwani, wanagawana gazeti moja karatasi kwa karatasi, mmoja anasoma michezo huku akimsubiri mwenzake amalize matangazo ya vifo. Jumamosi ni ya watoto. Nawatandikia mkeka, nawasomea hadithi, na nikiruka mstari kwa sababu ya uchovu wananirudisha kwa kelele. Kuanzia saa nane mchana ni zamu ya wale tunaowaita wanaorisiti, yaani watu waliokwishaachana na shule wanaorudia mtihani wa kidato cha nne kwa kujitegemea. Hawa ndio niliokuwa nawapenda kuliko wote, na sioni haya kusema. Wazee wana redio. Watoto wana walimu. Hawa hawana mtu. Mtu wa miaka thelathini na kitu anakaa meza moja na vijana wanaomcheka chinichini, anafungua daftari la kaunta alilolifunga kwa raba, anaanza upya na mambo aliyoyaacha miaka kumi na tano iliyopita. Mimi nisingeweza.

Mmoja wao alikuwa mwanamke mfanya usafi wa zahanati iliyo ng'ambo ya barabara. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, watoto wawili, mume hayupo. Alikuwa akitoka kazini saa nane, anavuka barabara, anafika kwangu akiwa bado ananukia dawa ya kusafishia sakafu. “Shikamoo dada,” ndivyo alivyoniamkia kila siku ya Mungu, anaweka mfuko wake kwenye rafu ya mabegi bila kuambiwa, anakaa meza ya dirishani. Mara nyingine nilimletea chai kwenye kikombe cha chupa yangu, kitu kisichoruhusiwa, na alikuwa akiinywa ameinamisha kichwa chini ya meza kama mwizi.

Ninachotaka kueleweka ni kwamba mwanamke huyu hakuwa anasoma kwa kupoteza muda. Mganga mfawidhi wa zahanati yake, mzee mmoja mstaarabu, alikuwa amemwahidi jambo. Alimwambia: mwaka huu ukifaulu Baiolojia na Kemia, uombe chuo cha uuguzi hapo Moshi, na mimi kabla sijastaafu nitakuandikia barua ya kufanya zamu za usiku ili mchana usome. Atakayekuja baada yangu ataikuta kwenye faili. Lakini mzee alikuwa anastaafu Februari, na wote tulijua kwamba asiyekuwa na barua kwenye faili hana chochote. Kwa hiyo alikuwa na mtihani mmoja tu, wa Novemba ile. Akikosa, anabaki na ndoo na fagio lake mpaka uzee.

Kemia alikuwa anaimudu. Tatizo lilikuwa Baiolojia. Maktaba nzima ilikuwa na kitabu kimoja cha Baiolojia cha kidato cha tatu na cha nne, cha mtaala wa zamani, na sura ya uzazi ilikuwa imechanwa yote. Kila aliyewahi kufanya kazi maktaba anajua sura hiyo ndiyo ya kwanza kuchanwa. Vijana wanaondoka na michoro mifukoni, wanaenda kuchekeana vyooni, na kitabu kinarudi rafuni kimekonda.

Sasa nije kwenye chumba.

Wana wa mji wetu waishio Dar es Salaam walikuwa wamechanga, wakatujengea chumba kipya cha kusomea nyuma ya jengo la zamani. Sitaki kuwanyima haki yao. Kilikuwa chumba kizuri, chenye madirisha makubwa, sakafu ya vigae, meza zisizoyumba, na vitabu vipya vya mtaala mpya, vya masomo yote, nakala nne nne. Niliyafungua maboksi mimi, nikavipanga vyote kwa mikono yangu, na jioni ile nilifika nyumbani nikamwambia mwanangu kwamba sasa naweza kustaafu hata kesho. Kilikamilika mwezi wa nne. Mwezi wa nne! Mtihani ulikuwa Novemba. Hesabu mwenyewe miezi.

Hakikufunguliwa. Kilihitaji mgeni rasmi.

Uzinduzi ulipangwa mwezi wa tano. Tulifunga utepe, tukakodi turubai, kwaya ya watoto ikafanya mazoezi wiki mbili, akinamama wakapika pilau na machalari ya ndizi na nyama, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ikachachuka vizuri kabisa. Saa saba mchana ikaja simu kwamba mgeni rasmi amepata dharura ya kikazi. Mkuu wangu alisimama mbele ya watu akatangaza kwamba shughuli imeahirishwa hadi hapo itakapotangazwa tena. Nilidhani atasema tufungue sisi wenyewe. Watu tulikuwepo, watoto walikuwepo, mkasi ulikuwepo. Badala yake akasema chakula kisiharibike. Basi tukala pilau ya uzinduzi bila uzinduzi, huku chumba kikituangalia, watu wakarudia sahani, wakaosha mikono, wakaenda zao. Na mimi nilikula. Nilirudia.

Wiki iliyofuata mwenyekiti wa kamati ya wachangiaji alipiga simu kutoka Dar, na mkuu wangu akaweka sauti ya juu ili nami nisikie. Mwenyekiti alisema kwa upole mwingi kwamba, kwa kuwa tarehe imeshavurugika, ingekuwa busara tusubiri Desemba. “Wote tutakuwa tumerudi nyumbani,” akasema. “Itapendeza zaidi. Kila mtu aone mchango wake ulikokwenda.”

Mkuu wangu alisema ndiyo mwenyekiti, wazo zuri sana mwenyekiti.

Mtu wa kwingine anaweza kudhani hii ni kamati ya watu wabaya. Hapana. Hii ndiyo sisi. Huku kwetu kila kitu kinasubiri Desemba. Harusi inasubiri Desemba, kipaimara Desemba, nyumba inakaa imefungwa mwaka mzima ikisubiri mwenyewe aje aipake rangi Desemba. Ugomvi wa mpaka wa kihamba, lile shamba la ukoo, ndugu hawasemezani tangu Pasaka, utaambiwa ngojeni Krismasi watu wote wawepo. Mlima umejaa nyumba nzuri zenye mapazia yaliyofungwa miezi kumi na moja. Tumezoea hivyo mpaka hatuoni ajabu, na ndiyo maana hakuna hata mmoja pale mezani, wala mimi, aliyeuliza kati ya Mei na Desemba kuna nini. Kuna Novemba. Nani alikumbuka Novemba? Mwalimu yeyote angekumbuka. Mfanya usafi alikumbuka.

Nikapewa masharti. Vitabu visitolewe kwenye nailoni, ili siku ya uzinduzi picha zitoke vizuri. Utepe ubadilishwe ukichuja kwa jua. Na kila Ijumaa mchana chumba kifutwe vumbi, maana vumbi la kiangazi huku kwetu halina adabu. Kazi hiyo nikapewa mimi. Kwa hiyo kila Ijumaa nilifungua mlango, nikainama chini ya utepe, nikafuta meza ambazo hakuna aliyezikalia, nikapangusa nailoni za vitabu ambavyo hakuna aliyevisoma, kisha nikainama tena na kufunga. Utepe niliubadilisha mara tatu.

Yule mfanya usafi aliviona vitabu kupitia dirishani. Ilikuwa mwezi wa tisa. Nilitoka kumwaga maji nikamkuta amesimama upande wa nyuma, ameweka viganja pembeni mwa macho kwenye kioo.

“Dada, kile cha kijani si cha Baiolojia?”

“Ndicho.”

“Cha mtaala mpya?”

“Ndiyo. Mpaka Desemba, mdogo wangu. Vumilia.”

“Desemba nitakuwa nimeshafanya mtihani.”

Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayekukumbusha tarehe. Mimi ndiye niliyepandisha hasira. Niliingia moja kwa moja kwa mkuu wangu, sikubisha hodi, nikamwambia kuna mtu ana mtihani baada ya wiki chache na kitabu anachokitaka kiko hapo nyuma kinaliwa na giza. Aliniacha niseme mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama najua ni nani na nani waliochangia kile chumba. Akaniuliza kama niko tayari kusimama mbele yao Desemba niwaeleze kwa nini kitabu kimoja kina alama za vidole. “Wewe una roho nzuri,” akaniambia, “lakini taasisi haiendeshwi kwa roho nzuri.” Nilitoka pale nimeuma meno. Nilimtukana kimoyomoyo njia nzima mpaka nyumbani, na nikadhani kwamba kumtukana kimoyomoyo ni kufanya kitu.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa naelekea nyuma na ndoo na kitambaa. Nikasikia miguu nyuma yangu. Alikuwa yeye.

“Dada, nikusaidie.”

“Unisaidie nini?”

“Kufuta vumbi. Mimi si ndiyo kazi yangu.” Alikuwa anatabasamu kidogo kwa aibu. “Wewe ukae tu upumzike, nifute mimi. Nikimaliza kufuta, kama kuna dakika zinabaki, ndiyo nitakiangalia kidogo. Sitakichafua. Mikono nimenawa.”

Akanionyesha mikono. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kwa dawa ya sakafu, ngozi imebabuka kwenye vidole. Alikuwa mtu mzima, mama wa watoto wawili, amenyoosha mikono mbele yangu kama mtoto anayekaguliwa kucha mstarini.

Ningeweza kumruhusu. Nani angejua? Mkuu wangu alikuwa ameenda mkutanoni Moshi. Kila Ijumaa nilikuwa na saa nzima mle ndani peke yangu. Kuanzia siku ile mpaka mtihani zilibaki Ijumaa saba, na saa saba zinatosha mtu mwenye akili kusoma sura moja na kuinakili. Nilijua yote hayo pale pale nilipokuwa nimesimama. Lakini nilifikiria nailoni ikichanwa itarudishwaje. Nilifikiria miaka minane iliyonibakia kufikia kiinua mgongo. Nilifikiria sauti ya mwenyekiti kwenye simu, ile sauti ya upole. Nikaogopa.

Nikamwambia, “Acha tu, mdogo wangu, nitafuta mwenyewe.”

Akasema, “Haya dada,” akarudi kwenye meza ya dirishani. Mimi nikaingia nikafuta vumbi. Nilikifuta na kile cha kijani.

Novemba ikafika. Jioni ya siku ya mtihani wa Baiolojia alikuja maktaba, ingawa hakuwa na cha kusoma tena. Alikaa kwenye benchi la kuwekea mabegi, karibu na kaunta yangu, akavua viatu. Nikamuuliza habari ya mtihani. Akasema wa kawaida tu, isipokuwa swali la mwisho, lile la kujieleza kwa kirefu lenye alama nyingi.

“Lilikuwa la nini?”

“Mzunguko wa hedhi. Uchore, uweke homoni zote, ueleze kila moja inafanya nini na siku gani.” Akacheka, lakini kicheko hakikufika popote. “Dada, mimi nimezaa mara mbili. Nafagia wodi ya wazazi kila asubuhi. Hicho kitu nakijua mwilini mwangu. Ila majina ya hizo homoni sikuwahi kuyaona. Nimeandika nilichokijua, kwamba siku za mwanzo tumbo linauma.”

Ijumaa ile nilipoingia na ndoo yangu sikufuta kitu. Nilichukua kile kitabu cha kijani, nikaichana nailoni kwa meno. Ndiyo, siku hiyo niliweza. Mzunguko wa hedhi ulikuwa kurasa tatu, na mchoro wa rangi, na homoni zote nne zimeandikwa kwa herufi nene, na jedwali la siku. Hata mimi niliyeishia kukariri tu shuleni nilielewa kwa dakika kumi. Nilikaa kwenye kile kiti kipya nikalia kwa hasira, halafu nikakasirikia machozi yenyewe, maana yalikuwa yananiliwaza na sikustahili kuliwazwa.

Desemba nayo ikaja na watu wake. Magari ya Dar yalipanga foleni mpaka barabarani. Mahema meupe, muziki, mshereheshaji mwenye suti ya kung'aa, keki iliyokatwa kwa umbo la kitabu. Mgeni rasmi safari hii alifika, saa mbili nyuma ya ratiba, akakata utepe, watu wakapiga vigelegele. Katika hotuba alisema tatizo kubwa la jamii yetu ni kutopenda kusoma. Alisema ukitaka kumficha mtu wetu kitu, kiweke kitabuni. Watu wakacheka na kupiga makofi. Nilikuwa nimesimama nyuma karibu na masufuria, na nikasema “Nyie!” kwa sauti, mama mmoja mpishi akanigeukia akadhani nimeungua.

Lakini hilo silo lililonimaliza. Mkuu wangu alikuwa ametaka msomaji mmoja atoe shukrani kwa niaba ya wasomaji wote, na akamchagua yeye, mfanya usafi, kwa sababu ndiye aliyehudhuria kuliko wote. Alimwandikia karatasi. Alipanda jukwaani na kitenge chake kizuri, akaisoma kwa sauti safi, bila kujikwaa, kwamba chumba hiki ni mkombozi wetu, kwamba wasomaji hatuna cha kuwalipa wafadhili wetu isipokuwa matokeo mema. Alipomaliza walimpa mwavuli. Nilipomuuliza baadaye kwa nini alikubali, alishangaa swali. “Mkubwa ameniomba, dada. Ningekataaje?”

Baada ya Krismasi chumba kilianza kutumika, kwa sharti moja jipya kutoka kwa kamati: vitabu vile visomewe mle mle ndani, visiazimwe, visije vikapotea kama vya zamani. Lilibandikwa mlangoni, nikalibandika mimi.

Matokeo yalitoka mwisho wa Januari. Kemia alipata. Baiolojia alipata F. Nilimwangalizia mwenyewe kwenye simu, kwa namba yake ya mtihani aliyokuwa ameniachia, na nilirudia kuangalia mara nyingi nikidhani mtandao umekosea. Hakuja maktaba siku ile, wala iliyofuata. Februari mzee wa zahanati akaagwa, akapewa blanketi na saa ya ukutani, akaondoka bila kuandika barua, maana barua ya nini. Mganga mpya akampangia mwanamke yule kazi ya kutwa, kuingia saa moja asubuhi, kutoka saa kumi na moja jioni. Maktaba yetu inafungwa saa kumi na moja jioni.

Roho iliniuma mpaka chakula kikanishinda. Nikapanda juu kwa mama yangu mzazi, kihambani, nikamweleza yote. Mama hakunipa pole. Alisikiliza, akainuka, akaenda mpaka kwenye mpaka wa migomba, akakata jani moja la isale. Vijana wa siku hizi wanaliona kama ua la mpakani tu. Kwetu, ukimkosea mtu ukampelekea jani lile, hawezi kukunyima msamaha, hata kama ulimuulia mtu wake. Mama alilifunga fundo, akalizungushia kitambaa safi, akanikabidhi. “Nenda kwa miguu yako,” akasema. “Usimtume mtu.”

Nilikwenda Jumapili saa kumi. Mwanamke yule anaishi chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga. Alikuwa anamenya ndizi mlangoni, watoto wake wakiandika chini kwa mkaa. Akafuta mikono, akaniamkia, akaniletea kigoda. Sikukaa. Nilifungua kitambaa nikamshikia jani kwa mikono miwili, nikamwambia kila kitu. Kwamba kila Ijumaa nilikuwa peke yangu mle ndani. Kwamba siku alipoomba kunisaidia kufuta vumbi hakuna aliyenizuia isipokuwa woga wangu. Kwamba zile homoni ziko nne, na nilizisoma mimi, nisiye na mtihani.

Aliliangalia lile jani. Kisha akanyoosha mikono yake iliyobabuka, akalipokea jani.

“Nimekusamehe, dada,” akasema. “Isale likishakuja, mambo yameisha. Aika, asante.”

Nilihisi mzigo umeanza kunitoka. Nikavuta kigoda ili sasa nikae, tuongee kama watu. Yeye alikuwa bado ameshika jani, anaangalia mikono yangu, halafu kitambaa, halafu mkoba wangu begani, kama anayetafuta kitu kingine.

“Novemba hii najiandikisha tena,” akasema. “Barua sina, lakini najiandikisha. Sasa dada, ulivyokuwa unakuja huku, ulishindwa nini kunibebea na kile kitabu?”

Na mimi, niliyekuwa nimelia, nimepanda mlima na kushuka, nimesimama mlangoni pake bado na vumbi la njiani miguuni, nikafungua mdomo nikamjibu:

“Haviruhusiwi kutoka.”